Kati ya Magharibi na Isha: Historia ya Sufuria ya Pilau Kiegeani

Kiegeani, kando ya barabara itokayo Kilindoni kwenda Utende katika kisiwa cha Mafia, pilau ya nyumbani hupikwa kati ya adhana ya magharibi na adhana ya isha. Mchele nusu kilo, vitunguu, mafuta, binzari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Na viazi, ikiwa nyama haipo. Mtu aliyerudi shamba au pwani akiwa amechoka huibandika sufuria, akaswali, kisha akarudi kuipakua. Hakuna jirani anayeona ajabu.

Ajabu ipo, ila imejificha katika wepesi wenyewe. Kwa sehemu kubwa ya historia ya kisiwa hiki, chakula hicho kisingeweza kupikwa na mtu mmoja jioni moja. Mchele ulikuwa wa heshima, viungo vilingoja majahazi, na kutoka mpunga hadi wali palikuwa na kazi ya mikono mingi. Kila kilichomo ndani ya sufuria kilifika Mafia kwa wakati wake na kwa njia yake, na kilichochelewa kuliko vyote ni haraka. Ndiyo maana historia hii inafuata mambo mawili kwa pamoja: jinsi mchele na viungo vilivyokutana, na nani aliyekuwa akitoa jasho kabla kazi haijapungua.

Kabla ya mchele

Ng'ambo ya ghuba ya Chole, si mbali na Kiegeani, kiko kisiwa cha Juani. Wanaakiolojia, miongoni mwao Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamechimba katika mapango na makazi ya kale ya huko, na kilichotoka ardhini ni maisha ya watu wa bahari: mifupa ya samaki, makombe, vigae vya vyungu, shanga zilizovuka maji. Walikuwapo watu hapa karne nyingi kabla ya msikiti wa kwanza wa mawe.

Nafaka za pwani wakati huo zilikuwa za Afrika yenyewe, mtama na uwele. Zilivumilia jua, zilitwangwa, zikasongwa au kupikwa uji. Mpunga wa Asia ulikuwa bado mgeni. Ulifika pwani yetu kwa njia za bahari katika milenia ya kwanza, na alama zake zimepatikana Unguja Ukuu na Pemba. Sarah Walshaw, aliyechunguza mabaki ya mimea huko Pemba, ameonyesha mabadiliko yenye mafunzo makubwa. Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, watu walikula zaidi uwele, na mchele ulikuwa kidogo tu. Chwaka, mji uliokuja baadaye, kuanzia karne ya 11, mchele ndio uliotawala.

Kwa hiyo mchele haukupendwa siku ile ile uliposhuka pwani. Ulikaa karne kadhaa pembeni ya uwele, ukilimwa kidogo, ukiliwa kidogo. Kilichouinua hakikuwa njaa, kwa maana uwele ulishibisha vizuri na ulihitaji maji machache.

Mchele wapanda cheo, 1000–1500

Karne ya 11 na zilizofuata zilikuwa za miji. Misikiti ya mawe ilijengwa, biashara ya Kilwa ilishamiri, na Mafia ikawa ndani ya mzunguko wa Kilwa. Habari za kale za masultani wa Kilwa zinaitaja Mafia tangu mwanzo wa utawala wao, na mji wa Kisimani, kwenye rasi ya magharibi ya kisiwa, ulikuwa bandari iliyojulikana. Leo sehemu kubwa ya mji huo imemezwa na bahari.

Miji ilileta wageni, na wageni walileta haja ya karamu. Mfanyabiashara aliyekuja na upepo wa kaskazi alikaa miezi hadi kusi limrudishe, na katika miezi hiyo alikula kwa mwenyeji. Chakula kikawa sehemu ya biashara na ya dini: Idi, ndoa, kisomo. Mchele ulifaa kuliko nafaka nyingine, kwa kuwa wageni wa Uajemi, Arabuni na India waliujua na kuuthamini. Walshaw anaufungamanisha ukuaji wa mchele Pemba na ukuaji wa miji na Uislamu. Nakubaliana naye, kwa sababu hadi leo Mafia mtu akialikwa shughulini hatarajii kukuta ugali.

Shahidi maarufu wa meza ya pwani ni msafiri Ibn Battuta. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, ukawekwa katika sahani kubwa ya mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, tangawizi na maembe. Mpwani wa leo akisoma maelezo hayo anaitambua sahani: wali, mchuzi na achari.

Lakini hiyo si pilau. Wali ule ulipikwa peke yake na kitoweo peke yake, vikakutana sahanini. Namna ya pili, ya kukaanga kwanza mafuta, nyama na viungo, kisha mchele ukaivia humo humo na kuinywa supu yote, ilikuwa ikisitawi upande wa Iraki na Uajemi. Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliyeandika kitabu cha mapishi mjini Baghdad mwaka 1226 ameeleza wali unaoikaribia namna hiyo, wenye nyama, mafuta ya mkia wa kondoo, mdalasini na binzari nyembamba. Namna hiyo ilienea mashariki hadi India, ikapata viungo vingi zaidi, na ilichukua muda mrefu kabla ya kuwa chakula cha pwani yetu.

Kua, na karamu iliyokumbukwa

Wareno walipoingia Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15, kwa sufuria yetu walifungua njia ya jambo moja kubwa: mazao ya Amerika. Nyanya na pilipili za kachumbari, viazi vya pilau isiyo na nyama, na juu ya yote muhogo, vyote asili yake ni huko. Muhogo ulipokwisha kuzoeleka Mafia ulikuwa chakula cha kila siku, ukizikwa ardhini kama akiba, usiotaka bonde wala mvua ya kupimwa. Mchele ukabaki juu yake, chakula cha siku iliyosubiriwa.

Karne ya 18 mji uliong'ara ulikuwa Kua, upande wa magharibi wa Juani. Magofu ya jumba na misikiti yake bado yamesimama. Simulizi za Mafia zinasema Kua na Kisimani walikuwa mahasimu. Watu wa Kisimani waliwaalika wa Kua kwenye sherehe ya kushua jahazi, na watoto wa wageni wakalazwa kwenye njia ya jahazi, likawapitia juu. Kua wakanyamaza miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani arusini, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja mpaka wageni walipobaki na kufukiwa wakiwa hai.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kila kipande cha kisa hicho. Ninachokiona ndani yake ni uzito wa mwaliko. Katika visiwa hivi karamu haikuwa starehe tu, ilikuwa ahadi ya amani, na kisa kibaya kuliko vyote ambacho watu waliweza kukihifadhi kilikuwa cha karamu iliyogeuzwa mtego. Mchele uliopikwa kwa wageni ulikuwa na maana ya aina hiyo.

Katika miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Madagaska walivuka kwa mitumbwi yao, wakaivamia Kua, wakaua na kuteka. Mji haukuinuka tena.

Chole, karafuu na mikono ya watumwa, 1820–1890

Baada ya Kua, mamlaka yalihamia kisiwa kidogo cha Chole, chini ya kivuli cha Sayyid Said bin Sultan wa Oman, aliyekuwa akiijenga Unguja kuwa makao yake. Hapa ndipo sufuria ya pilau inapoanza kukamilika, na ndipo hesabu yake inapokuwa nzito.

Karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku, ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Ndani ya kizazi kimoja mashamba ya Unguja na Pemba yalikuwa yakiuza dunia nzima. Kiungo kilichokuwa cha kuagizwa kutoka mbali kikawa kinaanikwa majamvini, safari fupi ya jahazi kutoka Mafia. Iliki na pilipili manga ziliendelea kuja na majahazi ya Malabar, binzari nyembamba ikatoka India na nchi za Waarabu, mdalasini ukatoka Sri Lanka na baadaye ukapandwa Unguja.

Pamoja na viungo walikuja watu waliojua kuvitumia. Wafanyabiashara wa Kihindi, Waislamu na Wahindu, walifungua maduka na kukopesha fedha pwani nzima. Chole nao walikuwapo, na magofu ya hekalu la Kihindu yapo huko hadi leo, yamekumbatiwa na mizizi ya miti. Duka la Mhindi liliweka viungo katika magunia na makopo, likaviuza kwa kipimo kidogo. Katika Unguja ya wakati huo jiko la Oman, la Uajemi, la Gujarat na la Waswahili yalitengana kwa mitaa michache tu, na mara nyingi ndani ya nyumba moja. Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, ameeleza meza za jumba la baba yake, ambako wali ulipikwa kwa namna nyingi. Pilau ya pwani ilipata umbo lake katika nyumba za namna hii: kitunguu kikaangwe hadi kiwe cha kahawia, viungo viingie vizima na vya kusaga, nyama ichemke humo, mchele uzame ndani ya supu.

Sasa tuiangalie Mafia yenyewe. Wakati Unguja na Pemba zilipandwa karafuu, Mafia ilipandwa minazi. Wenye mashamba wengi walikuwa Waarabu wa Oman na familia nyingine za Chole, na mashamba yenyewe yalikuwa kisiwa kikubwa, upande huu wa Kiegeani na Utende na kwingineko. Waliopanda, waliopalilia, waliokwea na kufua nazi walikuwa watumwa, walioletwa kutoka bara, wengi kupitia Kilwa. Katika nyumba za mabwana, wajakazi ndio waliotwanga mpunga, waliokuna nazi na waliosaga viungo.

Kwa hiyo kulikuwa na nyumba za Chole ambamo pilau ilifika haraka sana mbele ya mlaji. Aliketi, akanawa, sinia likatua. Haraka hiyo ilinunuliwa kwa maisha ya watu waliokuwa ua wa nyuma tangu alfajiri. Sioni njia ya kuiandika historia ya chakula hiki kitamu bila kulisema hilo waziwazi. Majina ya viungo tunayo yote, na majina ya wanawake waliovisaga hatuna.

Bendera mbili, 1890–1945

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliiacha Unguja chini ya ulinzi wa Uingereza na Mafia ikaingia Afrika Mashariki ya Kijerumani, pamoja na ukanda wa pwani ambao Sultani alilipwa marki milioni nne. Kisiwa kilichokuwa kikila na kuuza na Unguja kikajikuta upande mwingine wa mpaka wa forodha. Wajerumani walitawala kutoka Chole, kisha mwaka 1913 wakahamishia makao Kilindoni, ambako meli za moshi zilitia nanga kwa urahisi. Uamuzi huo wa bandari uliipindua ramani ya kisiwa. Chole ikafifia, na njia kati ya Kilindoni na ghuba ya Chole, inayopita Kiegeani, ikawa mshipa.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaitumia kama kituo cha kuisaka manowari ya Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Kwa wenyeji, delta ile haikuwa uwanja wa manowari. Ilikuwa ghala. Mashamba ya mpunga ya Rufiji, yanayolishwa na mafuriko ya mto, ndiyo yaliyopeleka mchele visiwani kwa majahazi, na vita viliifanya njia hiyo kuwa ya hatari.

Mwaka 1922 serikali ya Waingereza ilipiga marufuku utumwa Tanganyika. Chini ya Wajerumani ulikuwa umepunguzwa polepole, watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 wakihesabiwa huru, lakini haukuwa umefutwa. Naamini tarehe hiyo ni muhimu kwa pilau kuliko kufika kwa kiungo chochote. Watu ambao wazazi wao waliwatwangia wengine sasa waliweza kulima bonde lao, kuuza mbata zao wenyewe, kununua karafuu za senti chache dukani, na kualika. Kumlisha jirani wali wenye nyama siku ya arusi ya mwanao ilikuwa njia ya kusema kwamba nyumba hii inajitegemea.

Vita vya pili vilionyesha jinsi pwani ilivyokuwa imezoea mchele wa mbali. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukishuka bandarini kutoka Rangoon ulikatika. Unguja chakula kiligawiwa kwa kipimo, na serikali za kikoloni zikaanza kuwahimiza watu walime mpunga wao. Muhogo ukarudi sahanini hata kwa waliokuwa wameusahau.

Kinu

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wanaposema pilau ni rahisi huanza hesabu mchele ukiwa tayari mkononi.

Mpunga wa Mafia ulilimwa mabondeni yanayotuama maji ya masika, na porini palipofyekwa na kuchomwa. Ulipandwa kwa kungoja mvua. Uliota pamoja na magugu, ukapaliliwa kwa jembe la mkono. Ulipoanza kutoa suke, familia ilihamia shamba, ikajenga dungu, ikaamia ndege mchana, na usiku ikakesha kuwazuia nguruwe mwitu. Tumbili nao walikuwa na zamu yao. Mavuno yalikatwa kwa kisu kidogo, suke kwa suke, si kwa mundu, kwa kuwa mpunga haukuiva wote pamoja.

Kisha ukaja uani. Kupura, kuanika, kutwanga mara ya kwanza kutoa kapi, kupepeta kwa ungo, kutwanga mara ya pili kuung'arisha, kupepeta tena, kuchagua chuya na mawe. Wanawake wawili au watatu walisimama kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana, na mwishowe palikuwa na chenga nyingi kuliko mpishi alivyotaka. Nazi nayo ilitaka kufuliwa, kuvunjwa, kukunwa juu ya mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu, tui la kwanza likiwekwa kando na la pili likitangulia sufuriani. Viungo vilitwangwa katika kinu kidogo. Maji yalitoka kisimani, kuni zilitoka porini.

Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965 na kurudi mara nyingi katika miongo iliyofuata, ameandika kwa kirefu juu ya mashamba, jamaa, shughuli na chakula cha kisiwa hiki. Mtu akisoma maandishi yake anaelewa kwamba shughuli kubwa ilikuwa mpango wa ukoo mzima. Wanawake walitwanga mchele kwa siku kadhaa kabla. Wanaume walichinja ng'ombe, wakachimba mashimo ya moto na kusimamia masufuria makubwa, kwa maana wali wa halaiki ulihesabiwa kazi ya wanaume. Mtu mmoja hakupika pilau. Kijiji kilipika.

Siku za kawaida watu walikula muhogo, na wali mweupe pale mavuno yaliporuhusu, kwa mchuzi wa samaki. Kuitia siku ya kawaida viungo vitano kungekuwa ufujaji, na mke aliyefanya hivyo angeulizwa mgeni ni nani.

Foleni, 1967–1985

Uhuru ulileta shule na zahanati, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ulileta pia utaratibu mpya wa chakula. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilipewa kazi ya kununua na kusambaza nafaka, na bei zikapangwa na serikali. Nia ilikuwa njema: mlaji wa kisiwani asilanguliwe. Lakini ukame wa katikati ya miaka ya 1970, bei ya mafuta ya petroli, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na uchovu wa mashirika yenyewe vililiacha taifa bila vitu vya dukani. Mchele, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya foleni na vya kibali. Walioishi miaka hiyo wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu waliuita Yanga.

Kisiwa kiliumia mara mbili, kwa kuwa kilichofika Dar es Salaam kwa shida kilipaswa kuvuka maji. Pilau ilirudi nyuma, ikawa ya Idi tu, na mara nyingine hata Idi ilipita na wali mweupe. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, wenye maduka waliogopa hata kuonekana na shehena. Jambo moja lilisaidia: nazi haikuhitaji kibali. Wapishi wa Mafia waliokosa mafuta ya dukani walikaangia kwa tui lililochemshwa mpaka likatoa mafuta yake.

Mashine, pakiti na mtungi

Kuanzia mwaka 1984 masharti ya biashara yalilegezwa, na Ali Hassan Mwinyi alipochukua urais mwaka 1985 watu wakauita wakati huo wa ruksa. Mchele wa Mbeya, Kilombero na Shinyanga ukaanza kuzunguka nchi nzima kwa malori ya watu binafsi. Kwa Mafia, njia fupi ni ya Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, ambako magunia yalipakiwa mashuani na majahazini, na siku hizi pia kwenye kivuko cha MV Kilindoni.

Magunia hayo yalibeba mchele uliokwisha kukobolewa. Hapo ndipo ninapoyaona mageuzi makubwa kuliko yote. Mashine ya kukoboa, ya dizeli, inayosumbua masikio ya mtaa mzima, ilichukua siku nzima ya wanawake wawili ikaimaliza kwa dakika chache. Wachache wameiandikia sifa. Mabonde mengi yaliachwa kwa sababu hiyo hiyo, maana aliyelinganisha taabu ya dungu na bei ya kilo dukani aliona faida ya kununua. Hasara ipo: kijiji kinachonunua mchele hutegemea bahari itulie na bei isipande. Ila sijamsikia mwanamke aliyetwanga utotoni akitaka mchi urudi.

Viungo navyo vilishuka cheo. Iliki na pilipili manga sasa hulimwa Usambara, Muheza na milima ya Morogoro, karafuu na mdalasini hutoka Unguja, Pemba na Tanga, na binzari nyembamba bado husafiri kutoka ng'ambo. Vyote huning'inia dukani katika vipakiti vya bei ya mtoto aliyetumwa. Kuna pia mchanganyiko uliosagwa tayari, unaouzwa kwa jina la pilau masala. Ni rahisi, lakini ukikaa muda mrefu harufu yake hupotea, na mpishi anayejali hununua vizima akavitwanga mwenyewe kwa dakika mbili.

Mabadiliko ya mwisho yako chini ya sufuria. Kuni na mkaa vilitawala mpaka jana. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mitungi midogo ya gesi ya kilo sita imekwisha kuingia vijijini, na kwa pilau ina matokeo ya moja kwa moja. Moto huwaka papo hapo na hupunguzwa kwa vidole viwili.

Sufuria yenyewe

Pilau ya nyumbani kwa watu wanne au watano, bila nyama, huenda hivi. Mchele nusu kilo huchaguliwa, huoshwa na kulowekwa kidogo. Vitunguu viwili vikubwa hukatwa vyembamba na kukaangwa katika mafuta mpaka viwe vya kahawia iliyokolea bila kuungua. Rangi yote ya pilau hutoka hapo, na anayekosa subira ya dakika hizi hula wali wa manjano. Kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa hufuata, kisha binzari nyembamba kijiko kimoja kilichojaa, iliki tano au sita, karafuu nne, kijiti cha mdalasini na pilipili manga kidogo. Karafuu zikizidi, chakula huwa dawa. Viazi vilivyokatwa huingia, vikageuzwa ndani ya viungo hadi vishike rangi.

Halafu maji ya moto, vikombe viwili kwa kila kikombe cha mchele, pungufu kidogo ikiwa mchele ni mpya. Wengi wa Mafia hupunguza maji na kujazia tui jepesi, jambo ambalo mpishi wa bara hulishangaa na mpishi wa hapa hawezi kuliacha. Chumvi. Mchele huingia maji yakichemka, hukorogwa mara moja tu, na baada ya hapo mwiko huwekwa mbali, kwa sababu wali unaokorogwa hauchambuki. Pembeni nyanya, kitunguu na pilipili hukatwa na kukamuliwa ndimu. Samaki wa kukaanga akipatikana, vizuri. Pweza akipatikana, vizuri zaidi.

Sehemu ngumu ni kukausha. Kwenye mafiga, maji yalipokaribia kwisha, kuni zilitolewa na makaa yakapaliwa juu ya mfuniko, wali ukaiva kwa moto wa juu na wa chini. Gesi haina moto wa juu. Wapishi wamepata njia: mwali mdogo kabisa, kitambaa safi au mfuko wa nailoni chini ya mfuniko kuzuia mvuke, na robo saa ya kutofunua. Kitambaa nakiunga mkono. Nailoni juu ya chakula cha moto, hapana.

Shughulini mambo ni yale yale ya zamani, kuni, mashimo na wanaume wenye miiko mirefu, kwa kuwa hakuna mtungi unaoweza kubeba wali wa watu mia tatu. Nyumbani, gesi ikiisha katikati ya mapishi, na hutokea kila kivuko kikichelewa, sufuria huhamishiwa mafigani, vifuu vya nazi huwashwa, na makaa hurudi juu ya mfuniko.